Jinsi Nilivyozifunga Nafasi Nyeupe za Mama Marike

Ndugu zangu wa masomo ya jioni, tangu nirudi kutoka Kabambare sijamaliza hata kikombe kimoja cha chai bila mtu kuniuliza kama ni kweli nilimliza mwanamke wa Kizungu. Nami kila nikisimulia, matope yanaongezeka. Jumatatu yalinifika magotini. Ijumaa, mbele ya msikiti, yalikuwa yameshafika kwapani na pikipiki imezama ikabaki taa. Sasa naandika, ili matope yakae pamoja na yasiendelee kupanda. Nitasema kweli yote, isipokuwa pale ambapo kweli ni ndogo mno kwa barabara ile.

Jinsi Mama Marike alivyopata ndege na karatasi zake za kupita, msiniulize. Karatasi za hadithi hii ni nyingine.

Kasongo: wino haukuisha

Mnanijua nilipo. Kibanda cha sekretaria karibu na soko, kompyuta moja, mashini moja ya fotokopi, na paneli ya jua inayofanya kazi ikipenda. Na mnamjua Mwalimu Zaina, aliyetufundisha kusoma sisi watu wazima, wauza mchele, mafundi baiskeli, mama wenye watoto mgongoni, hata mimi nikapata diploma nikiwa na mvi mbili kwenye ndevu. (Nilisherehekea siku tatu. Wenye wivu wanasema moja na nusu.) Masomo yote aliyaandika mwenyewe kwa mkono, kwenye daftari moja lililopita mikononi mwetu mpaka likawa laini kama kitambaa. Alipochoka alirudi kwao Kabambare, na daftari akaondoka nalo.

Sasa daftari lile linageuka kitabu. Mama Marike ni Mholanzi, na kazi yake ni kupanga vitabu: anachagua herufi, anapima kurasa, anaamua maneno yakae wapi. Alifika Kasongo na rundo la karatasi sitini na nne. Ndicho kitabu kizima, kama kitakavyokuwa, kwenye karatasi ileile nene atakayotumia mchapaji, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Kilichobaki ni Mwalimu kukisoma na kutoa ruhusa kwa mkono wake.

Hapo ndipo penye uzito. Jicho la kulia la Mwalimu lilishafunikwa na wingu, na la kushoto linafuata. Alikuwa ametuma neno: "Kitabu changu nitakisoma kwa jicho langu. Sitasomewa, halafu niambiwe weka sahihi hapa. Nisipoweza kukisoma, kisipigwe chapa." Kwa hiyo kila wiki iliyopita ilikuwa inapita juu ya jicho lile.

Mama Marike alizitandaza karatasi juu ya meza yangu. Jamani, nilishtuka. Maneno yalikaa katikati kama kisiwa, na kandokando weupe mtupu, mbuzi watatu wangeweza kulisha pale bila kugombana. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari mmoja tu. Mwingine haukuwa na kitu kabisa.

"Mama," nikamwambia kwa upole, "wino iliisha njiani?"

Tulikuwa tunaongea Kifaransa, changu cha diploma na chake cha shuleni, vikikutana njiani na kupeana pole. Nawatafsiria.

Akacheka. "Haukuisha. Ndivyo ulivyo."

"Ginsi gani?"

Akavuta kiti. Kwao, alisema, nchi ni bapa kama meza hii, na sehemu kubwa ilikuwa chini ya maji. Watu waliyasukuma maji, wakachimba mifereji iliyonyooka, wakakata mashamba kwa kipimo. Mtu aliyekulia pale akiketi mbele ya karatasi, kwanza anachimba mifereji yake, mistari ambayo msomaji hataiona, ndipo anapanda herufi. Kurasa zote sitini na nne zilikuwa na kipimo kimoja, ukucha haupiti. Tena makanisa ya kwao mengi ni kuta nyeupe bila picha. Tena jua ni haba, kwa hiyo madirisha ni makubwa, na watu hawafungi pazia, mpita njia anaona mpaka ukuta wa nyuma wa sebule.

"Weupe huu ni dirisha, Amisi. Nchi yetu ni ndogo na watu ni wengi. Nafasi ndiyo heshima tunayompa mtu." Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa haki: "Si Waholanzi wote. Wengine kurasa zao zinapiga kelele kuliko soko lenu. Mimi ni wa ukoo wa kimya."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Diploma inakufundisha hilo kabla ya mengine.

Akaniachia rundo nikague Kiswahili, akaenda kulaza uchovu wa ndege. Mvua ikanyesha siku mbili, barabara ikafungwa, mimi nikakagua. Nilipata makosa manne. Moja lilikuwa nzi aliyekufa.

Nilipomaliza, biki, kalamu yangu ya wino, ilikuwa bado mkononi, na mkono wa mtu wa sekretaria una akili zake wenyewe. Nani kati yenu aliwahi kutoka kibandani kwangu na karatasi yenye nafasi wazi? Hakuna. Sentensi ikiishia njiani, napiga vistari mpaka ukingoni. Chini ya sahihi napiga mstari wa mshazari, kona hadi kona. Tunaita kufunga karatasi, ili mtu mwingine asije kuongeza neno lake kwa siri. Basi nikazifunga. Karatasi sitini na tatu, pande zote nne za maneno, kwa biki ya bluu, kwa rula, kwa upendo. Moja iliniponyoka, ile tupu, kwa kuwa unyevu uliigandisha nyuma ya mwenzake. Kisha nikazitia zote katika plastiki mbili na kamba. Sikumwambia mtu. Mtenda wema hajisifu.

Kasongo mpaka Wamaza: magogo mawili

Tulitoka asubuhi na pikipiki mbili. Shabani, dereva anayejua kila shimo na baba yake shimo, alimbeba Mama Marike. Mimi nilipanda pikipiki ya shemeji yangu, ambayo breki yake ni dua, na kitabu kimefungwa nyuma yangu kama bibi arusi.

Saa mbili za kwanza tulikwenda vizuri, maana yake tulianguka mara mbili tu. Kisha tukafika kwenye mto ambao daraja lake ni magogo manne. Siku hiyo yalikuwa mawili, na hilo la pili lilikuwa linafikiria kuondoka. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda msituni kukata jingine. Tukakaa kando ya mto kuanzia saa nne mpaka alasiri, pamoja na kila mtu wa jimbo letu la Maniema aliyekuwa na safari siku ile, ama hivyo ilionekana.

Jirani yetu pale alikuwa mzee wa baiskeli, Papa Kitenge, anayetembea akiisukuma tangu vijiji vya mbele mpaka soko la Kasongo; alivuka kabla gogo la tatu halijaondoka, sasa alikuwa anapumzika. Ilibeba mabido sita, yaani madumu, ya mafuta ya mawese, gunia la mchele, kuku wawili, sufuria, na ndani ya sufuria viatu vyake, ili visichakae. Mama Marike akatoa daftari lake dogo akaanza kuichora.

"Huyu mama iko naangalia nini?" Papa Kitenge akauliza.

"Baiskeli yako, papa."

"Aangalie. Lakini asiombe lifti, haina nafasi."

Mama Marike akataka nimuulize: akiacha nafasi kidogo, si ingekuwa nyepesi kuisukuma?

Papa Kitenge alicheka mpaka kuku wakaamka. "Umwambie hivi: Kasongo hakuna mutu atanipokea na nafasi!"

Mama Marike akaliandika neno hilo. Kisha akatazama vazi la mama mmoja aliyeketi karibu, ndege na maua mpaka kwenye upindo, hakuna hata kidole cha kupumua. "Hapa kila kitu kimejaa," akasema.

"Mama, mugeni akipewa sahani nusu, ni matusi," Shabani akamjibu kwa Kiswahili, na mimi nikatafsiri. "Ata mutu masikini anajaza. Anaweka majani chini, mboga ya sombe juu, lakini inajaa."

Papa Kitenge akatugawia mihogo ya kuchoma na karanga, akaomba aone mchoro. Alilishika lile daftari kwa ukingo, kwa heshima kubwa. Alipolirudisha, kidole gumba chake kilikuwa kimeacha alama ya mawese, ya rangi ya chungwa, kubwa kama jua la jioni. Mzee wa watu akaona aibu.

"Pole, mama. Nimeharibu."

Mama Marike akamwonyesha: mchoro ulikuwa katikati, safi kabisa. Alama ilikaa kwenye weupe wa kando. "Pale ndipo pa kidole," akasema. "Niliacha kwa ajili hiyo."

"Kumbe!" Papa Kitenge akatugeukia sisi. "Muzungu aliacha fasi ya kidole yangu, na hanijui!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda kukaza kamba za kitabu, ingawa zilikuwa zimekazwa.

Wamaza: sombe iliyopoa

Gogo lilikuja, tukavuka, tukafika Wamaza tukiwa na rangi moja sote watatu. Tulipokewa na Mama Feza, mama mdogo wa Shabani, mkulima wa mpunga. Kabla hatujanawa vizuri, mbele yetu palikuwa na mlima wa bukari, ugali wetu, na nikisema mlima safari hii sizidishi, pamoja na sombe, majani ya muhogo kwa mawese, na samaki wa kukausha.

Mama Marike akataka kwanza kuhakikisha maji hayakuingia kwenye kitabu. Akafungua kamba. Akafungua plastiki ya kwanza, ya pili. Akainua karatasi ya juu, kisha iliyofuata, kisha akaanza kuzipindua haraka haraka.

"Zote?" akauliza.

"Zote," nikajibu kwa fahari. "Pande nne!"

Akaziweka chini polepole. Akaugeukia ukuta. Mabega yakaanza kutikisika, na hapo, ndugu zangu, ndipo machozi mnayoyasikia sokoni. Si ndoo. Lakini yalikuwapo.

Mama Feza hakuelewa karatasi, alielewa sahani. "Juu ya nini hakuli? Chakula yangu iko na nini? Shabani, umwambie samaki haina michanga!"

Ilichukua muda nijue kosa langu. Katika kazi ya Mama Marike, mtu akikurudishia ukurasa uliopigwa mstari wa mshazari, maana yake ni moja: toa, futa, hakifai. Yeye aliona karatasi sitini na tatu zimefutwa, kila nafasi aliyoipima miezi mingi, kwa rula, kwa biki ya bluu. Aliamini mimi, kwa niaba ya Kasongo nzima, nimemkataa. Na kwamba nilinyamaza, nikampakia kwenye pikipiki, nikamtembeza siku nzima kwenye matope ili Mwalimu amwambie vilevile.

Nikajaribu kueleza. Kifaransa changu, ambacho kimewahi kushinda mabishano na watu wa ofisi, kikakimbia kama kuku. Nilipata maneno mawili tu ya Kiswahili, "nafasi" na "mwizi", nikayarudia rudia. Mama Feza akasikia. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake mfuko mwingine, na ndani yake karatasi.

"Umwambie aangalie hii. Ni ya shamba. Ya sasa."

Ilikuwa imefungwa vizuri, vistari mpaka ukingoni, mshazari chini ya muhuri. Kazi safi, nilitamani iwe yangu.

"Ile ya baba yangu haikufungwa," Mama Feza akasema, na sasa alikuwa anamtazama Mama Marike machoni, kana kwamba mimi sipo. "Chini ya jina yake kulibaki fasi ya vidole mbili. Mutu moja akaandika jina yake pale. Tulipofika mbele ya chefu wa kijiji, karatasi ikasema shamba ni ya watu wawili, na huyu wa pili ndiye alikuwa na mudomo. Ilikuwa shamba ya bonde, mama, ya muchele. Fasi ya vidole mbili ilikula shamba yote. Baba alikufa akiiangalia kutoka barabarani."

Nikatafsiri, neno kwa neno, bila kuzidisha. Mama Marike akapitisha kidole juu ya vistari vya ile karatasi ya shamba. Kisha akachukua ukurasa wake mmoja, akapitisha kidole juu ya vyangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unamlinda Mwalimu."

"Nilikuwa namlinda."

"Na mimi ukanifuta."

"Na wewe nikakufuta. Nisamehe, mama."

Akafuta uso kwa mkono wenye matope, jambo ambalo halikusaidia uso. Akavuta sahani. Sombe ilishapoa, mafuta yameganda ukingoni, akaila yote bila kusaza. Mama Feza hakuuliza. Akaijaza tena mpaka juu.

Baada ya Wamaza: kutembea na pikipiki

Tungeweza kurudi. Nilisema hivyo asubuhi yake, na nilikuwa tayari hata kulipa kwa aibu yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa nyingi.

"Kasongo kuna mashini inayoweza kutoa kurasa hizi upya?" Mama Marike akauliza.

Nikafikiria fotokopi yangu, ambayo kila inachotoa kinafanana na punda milia aliyenyeshewa. "Hakuna."

"Basi kurudi ni mpaka kwetu, na kutoka kwetu mpaka hapa tena. Jicho lake litatungoja?"

Tukaendelea mbele.

Saa sita mnyororo wa pikipiki ya shemeji ulikatika. Shabani aliutengeneza kwa msumari, ukakatika. Kwa waya, ukakatika. Kisha kwa kitu alichokitoa mfukoni na kukataa kututajia. Katikati ya matengenezo hayo tulisukuma, milima yote tukipanda na kuteremka hakuna. Mama Marike alisukuma kwa nyuma, ameinama, akiimba kitu cha kwao kwa sauti ya chini. Watu wa mashambani waliacha majembe. Mama mmoja akatupatia ndizi mbivu, na hakutaka hata kusikia aksanti. Mwingine akaja kusukuma nasi mpaka mwisho wa kilima, akageuka, akarudi shambani kwake bila kujua hata majina yetu. Mungu amjalie mpunga usiolala.

"Yaya Amisi," Shabani akaniambia tulipopumzika, maana kwetu kaka ni yaya, "siku ile biki yako ingekuwa imeisha nusu, leo kitabu ingekuwa imepona nusu."

"Shabani, endesha."

"Niendeshe nini? Tuko nasukuma."

Nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mwanamke aliyenishika mkono huu huu, mkono mgumu wa mwanamume wa miaka ishirini na tisa, akaufundisha kuandika A.

Kabambare: mlangoni kwa Mwalimu

Tulilala kijiji kimoja njiani, tukaingia Kabambare kesho yake asubuhi. Mwalimu Zaina alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake, miwani imefungwa kwa uzi, mpunga ukikauka kwenye mkeka mbele yake. Nikapiga hodi kutoka mbali.

"Nani huyu anapiga hodi ya mutu mwenye kosa?" akasema, bila kugeuza kichwa.

"Ni mimi, Mwalimu. Amisi."

"Najua ni wewe. Nauliza kosa ni gani."

Tukasalimiana, tukapewa maji, tukaulizana habari za kila mtu wa Kasongo mpaka fundi wa redio. Kisha nikaungama. Nilieleza yote, nimesimama, kama siku ya mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Mama Marike.

"Karibu, mwanangu. Ulitoka mbali kuniletea kitabu, na huyu akatoka karibu kuniharibia. Lete tuone."

Akachukua ukurasa wa kwanza. Akauleta karibu na jicho la kushoto, akauinamisha kwenye mwanga, akauzungusha kidogo. Midomo ikaanza kwenda, ikasimama. Akarudi mwanzo wa mstari. Ikasimama tena.

"Nani alipanda miiba kandokando ya njia yangu?" akasema polepole. "Jicho linataka kuanza mstari, linanaswa na bluu. Linaanguka."

Akajaribu ukurasa wa pili. Wa tatu. Kuku walikula mpunga, na hakuna aliyewafukuza. Mwisho akaziweka magotini.

"Siwezi."

Hakulisema kwa hasira. Hasira ningeivumilia.

"Mwalimu, nikusomee..."

"Nilisema nini, Amisi? Nisipoweza kukisoma, kisipigwe."

Mimi sina cha kuzidisha hapa. Nilitazama mkono wangu wa kulia kama kitu cha mtu mwingine.

Mama Marike hakuwa ameelewa maneno, lakini aliona. Alianza kupekua lile rundo kwa haraka, karatasi kwa karatasi, mpaka akafika kwenye mbili zilizogandana. Akazibandua. Katikati ikatoka ile tupu, nyeupe, isiyoguswa, ile ambayo Kasongo niliidhani ni wino uliokwisha.

"Wembe," akasema kwa Kiswahili. Sikujua kama analijua neno hilo.

Akapewa, akapima mara moja tu. Akaitandaza ile karatasi tupu juu ya gunia, akakata katikati yake mstatili, polepole, kona nne. Kikabaki kitu kama fremu ya dirisha. Akakiweka juu ya ukurasa wa kwanza. Bluu yangu yote ya kandokando ikazama chini ya weupe. Ndani ya dirisha yakabaki maneno, na vile vistari vyangu vidogo vya mwisho wa sentensi. Akakihamisha kwenye ukurasa wa pili: kikakaa. Wa ishirini: kikakaa. Wa sitini: kikakaa, ukucha haukupita. Ndipo nilipoielewa mifereji ya kwao. Kwa kuwa alizipima zote kipimo kimoja, dirisha moja lilizitosha zote.

Mwalimu akainua ukurasa, na dirisha lake, mpaka kwenye jicho.

"Mama... analima," akasoma. Akarudi mwanzo. "Mama analima. Mimi ninasoma. Tukirudi nyumbani... tutafundishana."

Somo la kwanza. Lile lile la daftari. Nililisoma miezi mitatu kabla halijanikubali.

"Endelea, usilale!" akanikemea. "Geuza!"

Nikapiga magoti kando yake nikageuza kurasa chini ya dirisha, moja baada ya moja, tangu asubuhi ile mpaka jua lilipoanza kuteremka. Majirani walikuja, wakaketi, wakajibu masomo kwa sauti. Alipumzisha jicho, akanywa uji, akaendelea. Vistari vyangu vidogo alivipita kwa jina: "Hapa tena Amisi. Na hapa tena. Mutoto huyu alikuwa na biki ngapi?" Nilifurahi kutukanwa kiasi kile.

Alipomaliza aliishika ile fremu juu, akaitazama peke yake.

"Ukuta huu," akasema, "muuache. Msahafu wa baba yangu ulikuwa na ukuta hivi, mustari umezunguka maneno, jicho haipotei. Na mwizi hana pa kuingilia, ata Mama Feza wa Wamaza atalala."

Nikatafsiri. Mama Marike akasita, nikaona anasita. "Sijawahi kuweka ukuta kwenye kurasa zangu," akasema. "Kwetu mfereji hauonekani."

"Umwambie kwetu kuna mbuzi," Mwalimu akajibu.

Mama Marike alicheka, akachora palepale: mstari mmoja, mwembamba kama unywele, kuyazunguka maneno. Kisha akauliza kuhusu weupe utakaobaki nje ya ukuta. Aujaze?

"Amisi, wewe ulipokuwa unasoma kwangu, uliandikia wapi mazoezi?"

"Kwenye mapaja, Mwalimu. Kwa kijiti."

"Basi hiyo nyeupe ibaki. Ndiyo daftari ya wanafunzi."

Ikabaki ruhusa. Mama Marike akaokota kile kipande kilichotoka katikati ya ile karatasi, ule mstatili mweupe, sawasawa na ukubwa wa maneno ya ukurasa, akampa. Mwalimu akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopanda kilima kidogo: *Nimekisoma kwa jicho langu. Kipigwe.* Akaweka sahihi. Chini yake pakabaki weupe mkubwa.

Ndugu zangu, mkono wangu ulishakwenda. Biki ilikuwa imefunguka.

"Weka chini," Mwalimu akasema.

"Lakini Mwalimu, fasi iko wazi. Mutu anaweza kuongeza jina yake."

"Ndiyo." Akanisukumia karatasi. "Andika. Wewe ulikibeba."

Nikaandika jina langu chini ya lake. Herufi zilipinda kama za mwaka wa kwanza, na alizisahihisha mbili.

Chini ya jina langu hatukufunga. Mama Marike alikibeba kipande kile hivyohivyo, wazi, pamoja na karatasi zangu za bluu, ambazo anasema atazitundika ukutani kazini kwake. Wanaojifunza kazi kwake watauliza nani aliyezifuta, naye atawaambia habari za shamba la bonde.

Ninyi mliouliza habari, zimekwisha. Lakini nusu ya ukurasa huu wa mwisho nimeiacha nyeupe, na mtu asije akanipigia mistari. Shabani anarudi Kabambare Jumatano. Mwalimu anataka kila aliyemfundisha aandike hapo jina lake kwa mkono wake mwenyewe, ili yeye alisome jicho lake likiwa bado lipo. Biki inaning'inia kwa kamba mlangoni kwangu. Andikeni kwa herufi kubwa, na muachiane nafasi.